Kinyozi Aliyekatazwa Kusema

Mzee Mabruki alinyoa vichwa vya mtaa wetu wa Cheyo kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona akiutazama wembe. Alitazama barabarani. Mdomo ulikuwa na safari yake: nani kaolewa, nani kaachika, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Mkono nao ulikuwa na safari yake, na hakuna aliyeondoka pale na jeraha. Mimi nilishona nguo kwenye kibaraza kile kile alichonyolea, kwa hiyo msiniambie nimesimuliwa.

Mwaka sabini na tano tukaingizwa kwenye ushirika wa mafundi. Tukaletewa pia katibu, Ndugu Anselm, kijana wa kaunda suti na mwenye imani kubwa na mabango. La kwanza alilitundika juu ya kioo cha kinyozi: kazini ni kimya, soga ni unyonyaji wa muda. Tulidhani anapenda sana kazi.

Mzee Mabruki akatii. Mdomo ulipokosa shughuli, macho yakahamia kwenye wembe. Siku ile ile akamkata sikio mwalimu wa madrasa. Wiki haijaisha, wateja wakawa wanakuja na pamba zao. Anselm akaamua kwamba ni uzee, na kwamba mwisho wa mwezi kiti kitapewa mtu mwingine. Mzee hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtunza. Niliona uchungu, nikawa nashona bila kumtazama.

Raymundi, tabibu wa zahanati, alikuja kwangu kupunguziwa suruali, akamwona mzee akinyoa, akatueleza. Kisogoni, alisema, kuna ubongo mdogo unaopanga msuli upi ukaze na upi ulegee, na kazi iliyozoeleka huendeshwa huko bila wewe kuulizwa. Ukianza kuusimamia mkono, unauvuruga, kama fundi anayetembelewa na katibu kila saa. Dawa yake ni kumwacha aongee.

Anselm alijibu kwamba sayansi ni nzuri, lakini bango ni bango. Ijumaa, akitaka kuthibitisha kwamba kimya hakina madhara, akaketi mwenyewe kunyolewa ndevu. Kibaraza kizima kikaacha kazi kutazama. Wembe ulishuka shavuni, ukafika chini ya taya, ukatetemeka. Povu likaingia wekundu. Halafu wembe ukasimama juu ya koromeo.

"Ongea, mzee," Anselm alisema, midomo haisogei. "Ongea chochote."

Mzee Mabruki akageuza macho barabarani, akaanza. Kwamba hii ni wiki ya tatu duka la ushirika halina sukari. Kwamba magunia manne yameingia kwa katibu kwa mlango wa uani. Kwamba mjomba wa katibu, kule Goweko, ameshaanza kuiuza kwa vikombe. Wembe uliteleza vizuri ajabu. Katibu hakuthubutu hata kumeza mate, na sisi tulisikia kila neno.

Aliondoka na kidevu laini kama yai lililomenywa. Jumatatu sukari ilikuwa dukani, bango halipo, na habari ya kiti haikutajwa tena.

Nilimpongeza Mzee Mabruki kwa ushujaa wake, kumwambia katibu mambo yale usoni. Aliacha kunoa wembe, akanikodolea macho.

"Kwani nilisema nini?" akaniuliza, na mikono ikaanza kumtetemeka.