Fomu Kumi na Moja, Mwandiko Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule, humu walimu wenzangu ni wengi. Nina miaka 27, nafundisha shule ya msingi hapa Tunduma, upande wa Mpemba, na nina mtoto wa miezi tisa, bado ananyonya. Nimechoka, mnisamehe nikiandika ovyo.

Nilijifungua kwa operesheni. Likizo ya uzazi iliisha kidonda hakijafunga, nikakaa nyumbani wiki mbili zaidi, karatasi ya daktari ninayo. Mkuu wa shule akaniandikia barua kwamba mimi ni mtoro kazini. Nikaenda kwa mwakilishi wa chama chetu cha walimu, kile cha zamani, ambacho ada yake hukatwa kwenye mshahara bila mtu kuulizwa. Akasema nisubiri, wanashughulikia. Siku ya kuhojiwa alikuja kweli, ila alikaa kando ya mkuu wa shule, wakanywa soda, mimi hakuniuliza neno.

Kwa hiyo chama kipya kilipopita mashuleni, sikuhitaji kubembelezwa. Wenzangu nao kila mmoja alikuwa na lake, huyu uhamisho, yule kupandishwa daraja, wote waliambiwa wasubiri. Tukawa kumi na mmoja. Kosa langu lilikuwa mwandiko. Mimi ndiye ninayeandikaga ripoti za shule, wakasema, "Madam, tujazie wewe, sisi tusaini tu." Nikajaza fomu zote za kujitoa chama cha zamani wakati wa chai ya saa nne, mtoto mgongoni, kila mtu akasaini mwenyewe. Nikapiga na picha wakisaini, ya kumtumia mratibu wa chama kipya.

Mkuu alipoona mwandiko mmoja, akawaita mmoja mmoja ofisini. Saba walirudi chama cha zamani, wakidai hawakuelewa walichosaini. Hao sikuwalaumu sana. Ila Neema (si jina lake) alisema hajasaini kabisa, kwamba nimeghushi sahihi yake.

Neema ni mwalimu mgeni hapa shuleni, ndiye anayenishikia mtoto nikiwa darasani na yeye hana kipindi. Alipoajiriwa nilimpokea kwangu, akalala sebuleni miezi mitatu. Nilimfuata anakoishi sasa, nikamkuta anachambua maharage. Hakuniangalia.

"Mama Eliya, mimi sijathibitishwa kazini," akasema. "Wewe una mume. Nisamehe, ila maneno yangu sibadilishi."

Kisha akampokea Eliya, akamfuta kamasi kama siku zote. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nikampigia yule mratibu. Akaniambia niwe jasiri, ila jina lake nisilitaje popote. Siku hizi hapokei simu. Wawili waliobaki nami wameshaanza kunong'ona kwamba naye ni walewale, bora tuanzishe umoja wetu. Watu wanatucheka, eti walimu mnagawanyika kila leo. Ukitafuta mtu wa kukusemea ukamkosa, utafanyaje? Unahama. Na huko nako unamkosa.

Ijumaa natakiwa kujibu kwa maandishi tuhuma ya kughushi. Mkuu amenidokeza nikiri kwamba nilipotoshwa, nirudi chama cha zamani, yaishe, labda nitahamishiwa tu Ikinga, kule mbali vijijini. Hilo silifanyi. Kosa ambalo sijatenda siliandiki.

Imebaki ile picha. Neema anaonekana wazi, ameinama, kalamu mkononi, anacheka. Nikiitoa, itajulikana kwamba amemdanganya mwajiri kabla hata hajathibitishwa, na kwao Mbozi wadogo zake watatu wanamtegemea. Nisipoitoa, kazi inaondoka kwangu. Mume wangu ni kibarua wa kushusha mizigo mpakani, kuna siku anarudi mikono mitupu.

Barua nimeiandika mara mbili, nimeichana. Saa hii niko darasani, wanafunzi wanafanya zoezi, na Eliya nimemwachia Neema, maana mwingine sina.

Walimu mliopitia haya, na nyie wenye watoto, msinitukane, niambieni tu: picha niipeleke, au ninyamaze?