Diski za Harusi Zilizosingiziwa Kifo

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Marehemu mama alikuwa akiniambia kwamba nitakufa na njaa kwa tabia yangu ya kunusanusa vyakula vya watu. Sasa kazi niliyoichagua ni ya kufungua kompyuta na seva za maofisi, na hakuna kitu kichafu mjini kama tumbo la kompyuta. Nje inapigwa kitambaa kila asubuhi, ndani mende wamejenga mtaa.

Lakini seva ya studio ya harusi, mtaa wa Malindi hapa mjini, ilizipita zote.

Studio hiyo ni ya mama mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ni kupiga video upande wa wanawake. Mjini kila mtu anayajua masharti yake. Wapiga picha wake wote ni wanawake. Simu za wageni hukusanywa kwenye kikapu mlangoni, na anayenuna arudi kwao. Humo ndani watu huvua mabuibui, bibi harusi husingwa mwili kwa manukato na kupambwa, mabibi na mashangazi hucheza ngoma bila haya, na kamera huona mambo ambayo hakuna mwanamume wa kando aliyepata kuyaona. Bi mkubwa huyu alikuwa akiapa mbele ya kila familia kwamba picha zake haziguswi na mkono wa mwanamume, tangu kupigwa hadi kukabidhiwa. Watu walimfuata kwa kiapo hicho, maana picha zenyewe, tuseme kweli, zilikuwa za kawaida sana.

Asubuhi moja alinipigia simu nyumbani Jang'ombe akaniambia niende studio, nichukue na nyundo. Nilimuuliza kama ni kazi ya kompyuta au ya useremala. Akanieleza kwamba umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva ikazima. Fundi ameshaitazama, ameifufua, lakini diski zake nne kubwa, zilizobeba harusi zote, amesema zimekufa. Sasa yeye hawezi kuzitupa jaani diski zenye nyuso za watoto wa watu. Alitaka mwanamke mwenziwe azivunje mbele ya macho yake, kama vile watu wanavyozichoma karatasi zenye aya badala ya kuzitupa.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa humo, na katika harusi hiyo alikuwemo mama. Nakala tuliyopewa sisi iliingiwa na maji kabatini wakati wa masika, na kila siku tulisema tutakwenda kuomba nyingine. Kisha mama akafariki. Picha yake nyingine pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu anayeumwa na jino. Nilichukua nyundo, nikachukua na mkoba wangu wa kazi, nikaondoka bila kunywa chai.

Seva ilikuwa chini ya meza, imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua, kama inavyofunikwa redio ya bibi. Juu ya kitambaa palikuwa na chetezo. Bi mkubwa alikuwa akiifukiza seva udi kila Ijumaa, kwa kuogopa hasadi, kwa sababu biashara ilikuwa imemkubali. Feni zilivuta moshi wote ndani. Nilipofungua mfuniko nilikuta masizi yameganda na vumbi yakawa utandu mweusi unaonata, humo mna mende waliokauka, vinyesi vya mjusi kafiri na punje za halua ambazo sijui zilipitia wapi. Harufu ilikuwa ya udi na ya kuoza, pamoja. Nilitoka nje kibarazani nikatema mate, nikarudi nikiwa nimejifunga ushungi puani.

Nilipokuwa nikisugua nilimuuliza ni fundi gani aliyeitazama. Bi mkubwa akajishughulisha na kukunja kitambaa chake. Akasema ni mpwa wa mumewe, mtoto wa nyumbani, tena hakuangalia kitu, alitengeneza chuma tu. Ndiye aliyesema diski zimekufa, na alijitolea kumchukulia akazitupe mbali, ila yeye moyo ulisita.

Kwa hiyo kiapo kilikuwa kimeshavunjwa kabla mimi sijapanda ngazi. Nilisugua kwa hasira mpaka brashi ikakatika.

Nilimwambia kwamba kabla ya kupiga nyundo niangalie mwenyewe, maana mafundi wetu wengi wanajua kupiga windo tu, yaani kuweka mfumo wa kompyuta upya, mengine wanabahatisha. Diski zile nne hazikuunganishwa moja kwa moja na kompyuta. Zilipitia kwenye kadi yao maalumu ya kuzisimamia, na kadi hiyo inataka draiva, yaani programu ndogo ya kuiambia kompyuta kwamba mimi ni fulani na ninazungumza hivi. Yule fundi alikuwa ameweka mfumo mpya kwenye diski ndogo ya pembeni, na draiva ya kadi haikuwemo. Kompyuta isipoitambua kadi, haizioni diski. Ukikuta nyumba imefungwa mlango husemi wenyewe wamekufa. Kwenye kioo kadi ilionekana kwa jina la kifaa kisichojulikana, na alama ya njano ubavuni.

Basi nikaanza kuitafuta draiva kwa intaneti ya simu yangu. Ya kwanza ilikatika katikati. Nikaianza upya, ikafika, ikakataa kwa sababu ni ya mfumo mwingine. Ya pili ilikubali kuingia, kisha kioo kikageuka buluu na mashine ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima tena, mpaka nikaiondoa. Joto la chumba kile lilikuwa la jikoni, jasho linanitoka na masizi yananiganda shingoni, na bi mkubwa amesimama juu ya kichwa changu anauliza kila mara kama zishakufa au bado. Nilimjibu vibaya. Namwita mama na nilimjibu vibaya.

Nikaivuta seva mbele ili nione nyuma kama waya wa kadi umekaa sawasawa. Mkono wangu ukagusa kitu kidogo kimechomekwa kati ya nyaya. Ilikuwa flashi nyeusi. Bi mkubwa akasema si yake, labda kaisahau yule mpwa wa mumewe. Niliifungua kwa tamaa ya kazi tu, nikasema huenda ana chochote cha kunifaa. Na kweli nikaikuta draiva, ya kadi ile ile, ya mfumo ule ule. Nikaiweka. Mashine ikajiwasha upya kwa utulivu kama iliyopewa ilichokuwa ikikililia.

Kadi ikaniuliza swali moja, kwa sababu diski zilikuwa zimechomolewa na kurudishwa: izipokee kama zilivyo, au izifute zianze upya. Nikasema bismillahi, nikachagua zipokewe kama zilivyo, na taa nne zikawaka kijani, moja baada ya moja. Harusi zote zilikuwemo. Bi mkubwa alikaa sakafuni na gauni lake safi, akamshukuru Mungu huku analia, na mimi nikamsamehe udi na halua na yote.

Furaha ile haikudumu. Nilipotaka kuitoa flashi, akili ikanirudi. Mtu mwenye draiva hasa ya kadi hii, kwa nini aseme diski zimekufa? Nikaitazama flashi vizuri, na pembeni mwa draiva nikakuta video. Zilikuwa za humu studio. Alikuwa hakuchukua hotuba wala chakula wala maua. Alichagua za kusingwa, za kupambwa, za ngoma milango ikiwa imefungwa. Maana yake ilikuwa moja: alizifungua diski, akanakili alichokitaka, akaiondoa draiva, akatangaza msiba ili apewe na zilizobaki.

Nilifungua mojawapo, na nilikuwa nikiogopa kuikuta na nikaikuta. Mama yangu, kichwa wazi, nywele zake za hina, kanga kiunoni, anamchezea mwanawe ngoma na kucheka mpaka machozi. Mama huyu alikuwa akisikia hodi ya mwanamume anajificha nyuma ya pazia hata akiwa amejitanda. Alipofariki alioshwa na wanawake, shuka imezungushwa pande zote, asionekane hata na wanawe wa kiume. Yote yale ya stara, maisha mazima, halafu mtu anamtia mfukoni pamoja na funguo za pikipiki. Kichefuchefu kilichonipata hakikuwa cha mende. Nilitapika kwenye ndoo ya maji niliyokuwa nikisugulia.

Bi mkubwa alikuwa ameshaona. Aliufunga mlango wa studio, akanishika mkono. Nilidhani anataka kuniomba radhi.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu," akasema. "Ifute hiyo flashi, umrejeshee, yeshe. Likitoka hili, nani tena ataniita harusini? Ntakula wapi mie? Usin'umbue."

Nilimwambia flashi ikifutwa leo, nakala zake zishazaa kwengine. Nikamwambia kwamba wale walioweka simu zao kwenye kikapu chake wana haki ya kujua. Akanijibu kwamba waume zao wakijua, wataachwa, na wakiachwa dhambi itakuwa yangu. Tena alisema kwa upole, kwa sauti ile ile anayowaapia akina mama, na upole huo ndio ulionikera kuliko yote. Nilikuwa nimemheshimu mtu huyu. Nilikuwa nimemwita mama.

Hatukumaliza. Mlango uligongwa, hodi ikapigwa, na aliyeingia alikuwa mpwa mwenyewe, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ananukia mafuta mazuri. Alikuja kuulizia flashi yake. Akaziona taa nne za kijani, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyepata habari njema ya wengine.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilimtazama bi mkubwa. Nilimpa nafasi. Wallahi nilimpa nafasi, nilihesabu pumzi zangu nikimngoja.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Karibu ukae."

Nikaichomoa flashi, nikaitia mkobani pamoja na nyundo. Nilimwambia yule bwana kwamba ninayo, na kwamba atarudishiwa na wale waliomo ndani yake. Alirudi nyuma akanipisha mlangoni. Bi mkubwa ndiye aliyenifuata hadi ngazini akilalamika kwamba nimemvunjia heshima mgeni wake. Malipo yangu sikuyataka. Nilinawa mikono kwenye mfereji wa bomba uliokuwa chini, nikanawa tena, na masizi hayakutoka.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Bububu, kwa mdogo wangu. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, lakini nilipomwona nikayasema yote kwa mkupuo: diski, draiva, flashi, harusi yake, mama. Alisikiliza bila kuniangalia, vidole vyake vikiendelea kutoa chuya na vijiwe. Nilipofika kwa mama, vidole vikasimama.

Nilidhani atauliza jina la yule mwanamume, au kama mumewe ataambiwa, au tufanye nini. Hakuuliza hayo.

"Na bi mkubwa?" akasema. "Yeye kamwambiaje?"

Nikamwambia, "Kamwitikia marahaba, akamkaribisha kitako."

Mdogo wangu akauweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua buibui lake ili turudi studio.