Kadi za Mbuvi Zilipoingia Kanisani

Mwaka wa sabini na tano watu wa Mbumbuni walikuwa wakililia mvua, naye Mbuvi wa Nzioka alikuwa akililia haidrojeni. Alikuwa akisomea kemia chuoni Nairobi, ile isiyo na chupa wala moto, hesabu tupu. Kulikuwa na molekuli moja ndogo, ya beriliamu na boroni, ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiibishania: ni haidrojeni ngapi zinazozishika atomi zake pamoja?

"Kawaida atomi mbili hushikana kwa elektroni mbili," alimweleza mkewe, Kaluki. "Hizi ni maskini. Atomi tatu zinagawana elektroni mbili."

"Kama kikundi cha mwethya cha kuchimba mitaro. Watu watatu, majembe mawili."

"Eeh! Na bado zinashikana."

"Basi, Baba Mueni, ziambie zije zitulimie. Sisi jembe tuko nalo na kazi haiendi."

Hesabu hizo zilikuwa kwenye kadi ngumu zilizotobolewa matundu, boksi zima, jasho la miaka miwili. Kompyuta ya chuo ilizisoma kwa mpangilio. Mpangilio ukiharibika, hiyo ni takataka. Namba za kuzipanga hakuzitia, nakala hakuwa nayo. Chuo kilimpa zamu ya mwisho kwenye mashine, Jumatano. Ikimpita, digrii kwaheri. Akazileta nyumbani azikague.

Jumamosi Kaluki, aliyefundisha watoto kanisani, akasimama mlangoni na kadi mkononi. "Baba Mueni, hizi nyuma ni tupu. Kanisa limeishiwa kadi za mistari ya Biblia. Nichukue?"

Mbuvi alikuwa amezama kwenye hesabu hadi masikioni. "Mm. Chukua."

Akachukua boksi.

Jumapili Mbuvi alichelewa ibada, kama kawaida ya wasomi. Alipoingia alikuta kanisa zima likijipepea kwa utafiti wake. Nyuma ya kila kadi palikuwa na mstari wa Biblia, kwa mwandiko safi wa Kaluki.

Alikimbia kutoka benchi hadi benchi. Wengine walimrudishia. Susu Kalunde, bibi kizee wa benchi la mbele kabisa, alikuwa ameshaitia yake kifuani.

"Susu, tafadhali, hiyo ni kazi yangu."

"Kazi yako? Hapa kuna Neno la Mungu. Tangu lini umekuwa karani wake?"

Kanisa likaangua kicheko. Pasta Jonah akanyoosha mkono. "Ndugu Mbuvi, Neno likishatolewa halinyang'anywi. Keti, tuombe."

Akaketi. Hakufumba macho.

Nyumbani Kaluki alizitandaza zilizorudi juu ya mkeka, akilia. "Nionyeshe ya kwanza ni ipi. Nitazipanga."

"Sijui ya kwanza ni ipi, Mama Mueni."

"Si utatoboa zingine?"

"Kabla ya Jumatano?"

Mbuvi akazirudisha kadi kwenye boksi na kulifunga kamba taratibu, kama anayemvisha maiti sanda. Nairobi hakurudi. Wale wa Ulaya waliendelea kubishana, na hakuna aliyegundua kwamba kuna mtu amekosekana.