Lenzi Mbili za Hamsini

Jana mjukuu wangu aliniwekea lenzi mbili mezani, hapa studio kwangu Kasulu. "Babu, zote ni milimita hamsini. Tuchukue ipi?" Nilizishika moja moja, nikazirudisha bila kuchagua. Akadhani sijui. Mimi nimekomea darasa la tatu, ila studio hii nimeijenga mwenyewe, na habari ya lenzi mbili za hamsini niliijua kabla sijaota ndevu.

Ilikuwa kwetu Kibondo, wakati wa kuvuna maharage. Ungeingia nyumba ya bibi yangu, ndugu yangu, macho yangekuwasha kwanza, ndipo umwone: amelala kando ya mafiga, moshi umetanda, harufu ya muhogo uliolowekwa, chungu cha maharage kinatokota. Siku hizo alikuwa hainuki tena. Hakuwahi kupigwa picha maishani, na baba aliogopa akifa hivyo, sura yake itakwenda naye. Akamwita mpiga picha aliyekuja sokoni kwa baiskeli.

Yule bwana alifika jua limeshaegemea kilima, na mkanda wa kamera yake umebakiza picha moja tu.

"Mtoeni nje," akasema.

Bibi akakataa. "Nikibebwa kupita mlango ule, majirani watatafuta majembe ya kuchimbia kaburi. Nipige hapahapa."

Mpiga picha akafungua mkoba, akatoa lenzi mbili. Zote hamsini, alisema, zinaona upana uleule. Moja safi, lakini tundu lake la kupitisha mwanga ni dogo. Inataka jua, au mtu akae kama jiwe. Ya pili tundu kubwa, inajitosheleza kwa mwanga wa mlangoni tu, lakini imeingia kuvu. Niliziona mwenyewe zile nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui.

"Weka safi," baba akasema. "Mama yangu si wa kupigwa na kioo kibovu."

"Anatetemeka, mzee. Kitatoka kivuli."

"Na hiyo ya kuvu?"

"Itatoka na ukungu. Lakini uso utakuwemo."

Wakabishana. Mwanga ulikuwa unarudi nyuma sakafuni kuelekea mlangoni, nauona kabisa, na wakubwa hawachagui. Bibi akakohoa, akamcheka baba.

"Wewe mwana, uliniona wapi mimi bila moshi?"

Baba akasogea pembeni. Mpiga picha akaweka ile ya kuvu, akapiga goti. Mlio mmoja, basi.

Mkanda ulipelekwa Kigoma kusafishwa. Bibi tukamzika kabla haujarudi, na baba hakuitaja ile picha hata mara moja. Kila baiskeli ikipita alikuwa ananyanyua kichwa. Ilipofika, bibi alikuwemo, nyuma ya ukungu, jicho moja linacheka. Baba akaitazama sana. "Ndiye," akasema, akatoka nje.

Nyumba ile imebomoka. Mafiga sijui yako wapi, na siku hizi bibi wa mtu anapigwa picha kwa simu huku anakula. Ni vizuri, sikatai.

Nikamwambia mjukuu achukue yenye tundu kubwa, inayoona ndani ya nyumba za watu. Akainua macho kwenye picha ya bibi ukutani. "Babu, ukungu huu naweza kuutoa kwa kompyuta."

"Uache," nikamwambia. Najua ni kuvu. Lakini moshi wa nyumba ile haukubaki mahali pengine.