Mkanda wa Mwisho Ulibaki Mbeya

Mume wangu Liberatus anasuka matenga ya nyanya pale Ilula, kando ya barabara kuu, na mimi Tusajigwe kazi yangu ni kumwambia kila siku kwamba hasuki, anapiga porojo. Hakatai. Mkono mmoja umeshika mwanzi, mwingine unapepea hewani unaonyesha jinsi mtu alivyopigwa ngumi akaanguka. Wateja wanakaa kusikiliza, tenga la asubuhi linamalizika jioni.

Porojo yenyewe ni moja tu, ya ile picha. Mwaka sabini na mbili, kabla hatujajuana, alikwenda Iringa mjini akaona picha ya watu waliopanda angani kwa chombo cha chuma, wakapambana huko juu na maadui wenye vichwa kama vyungu. Kizungu kitupu, hakuna aliyeambulia neno, lakini ngumi haina haja ya mkalimani. Mwishoni steringi, yule mkuu wa picha ambaye kila mtu anajua hafi, akabaki nje ya chombo, kamba imekatika, anaelea peke yake. Hapo hapo taa zikawaka. Mwenye ukumbi akasimama mbele ya kitambaa cheupe akatangaza, "Itaendelea! Sehemu ya pili inakuja!" Watu wakapiga makofi, wakaenda zao, wakaanza kungoja.

Sasa nisikilizeni. Hakukuwa na itaendelea yoyote. Picha ile ilitoka kwetu Mbeya ikaenda Iringa, na kopo la mkanda wa mwisho likabaki nyuma. Nani alilisahau sijui, na huyo mwenye ukumbi aliona haya kurudisha viingilio. Najua kwa sababu mimi niliiona picha ile wiki moja kabla yao, na kaka yangu Andendekisye, tulitembea kwa miguu kutoka Mwanjelwa mpaka mjini. Sisi tuliuona mkanda wa mwisho. Steringi alikufa. Nililia mpaka Andendekisye akanihamisha kiti kwa aibu.

Mwaka uliofuata nikawa nasafiri, tumeshaipita Iringa, basi likatuharibikia pale Ilula. Nikamkuta kijana mmoja anasuka tenga na kusimulia. Nikaijua picha. Akafika pale pa kamba kukatika, akasema, "Basi bado yuko huko juu, jamani. Ana chakula cha siku tatu. Sehemu ya pili ikija, mtaona atakavyorudi!" Macho yake yaliwaka, na mimi mdomo ukafunguka kumwambia, kisha ukafungika. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu hapewi habari ya kifo njiani. Unamwambia "mgonjwa wako kazidiwa, twende nyumbani", anafika, anakaa, anakula, ndipo anaambiwa. Na huyu alikuwa barabarani, hajala, wala simjui. Nikanyamaza.

Ndiye huyo aliyekuja kunioa. Nikawa naye nyumbani, anakula kila siku, na bado sikusema. Mwezi wa kwanza niliona haya, mwezi wa pili nikaogopa ataniuliza kwa nini sikusema mwezi wa kwanza. Mambo ya namna hiyo hukua kama mimba, ukiyaficha ndiyo yanazidi kuonekana. Naye kila msimu alimwongezea steringi wake safari mpya. Mara kaokolewa na watu wa nyota nyingine, mara kaoa huko huko. Siku moja alimshusha Kilolo kwenye shamba la mahindi, watu wakacheka mpaka wakaketi chini. Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilizipenda zile za kwake kuliko ile ya kweli.

Mwaka huu wa sabini na saba, mwezi wa saba, jirani yetu Didas akaja mbio kutoka Iringa, hata salamu ya kamwene hakusema. "Baba Severina! Picha yako imekuja! Sehemu ya pili! Karatasi zimebandikwa ukutani, Jumamosi saa kumi!"

Liberatus aliangusha mwanzi. Mimi niliangusha sufuria, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wiki ile hatukulala usingizi wa maana, kila mtu kwa sababu yake. Yeye alikuwa na hamu na hofu vimemkaa pamoja. "Mama Severina," aliniambia, "miaka mitano nangoja. Sasa naogopa. Je, wakimleta amezeeka? Je, wakimleta vibaya kuliko mimi ninavyomleta?"

"Basi tusiende," nikasema haraka.

"We mwanamke, una wazimu? Tusiende!"

Nikajaribu kila njia. Nikasema mtoto ana homa, Severina akapita mbele yetu anakimbiza kuku. Nikasema mabasi hayapatikani, Didas akasema amepata lori la mahindi linaloshuka Iringa. Kilichobaki ni kusema kweli, na niliamua kuisema kwa heshima yake, kama inavyotakiwa. Ijumaa nikachinja jogoo. Nikampikia ugali mweupe, nikamnawisha mikono, nikakaa mbele yake. Ale, ashibe, nimwambie.

Akatazama kuku, akatazama mlango. "Siwezi kula," akasema. "Tumbo limejaa picha."

"Kula japo paja."

"Nitakula Jumapili."

Nilimbembeleza mpaka akashangaa. Jumamosi asubuhi nikampa uji, akaonja kijiko kimoja akaenda kupiga kiatu rangi. Mnaona balaa hilo? Mtu hajala, namwambiaje? Tukapanda lori. Ulimi wangu umeshika hiyo maiti kama kaa la moto, na yeye anaimba njia nzima.

Ukumbi ulifurika. Didas alikaa kushoto kwake, mimi kulia. Taa zikazima. Jambo la kwanza kwenye kitambaa lilikuwa kaburi. Kaburi jipya, bendera juu yake, mwanamke kajifunika shela nyeusi, na picha ya steringi kwenye fremu, anacheka.

Ukumbi mzima ukasimama. "Steringi hafi! Mmeruka mkanda! Rudisha nyuma!" Na Liberatus wangu juu ya kiti, sauti kubwa kuliko zote: "Mmeanzia katikati! Wezi wakubwa! Rudisha!"

Ndipo mwanamume mmoja kule mbele akageuka, akapaza sauti, "Kaeni chini nyinyi! Yule alikufa tangu ya kwanza! Sisi tuliokuwa Mbeya tulimwona kwa macho yetu!"

Liberatus akashuka kitini polepole. Mwanga wa picha ulimpiga usoni. Hakumtazama yule mtu, alinitazama mimi.

"Mbeya," akasema. "Wewe na Andendekisye mlikuwa mkienda picha kila Jumamosi. Ulinisimulia mwenyewe."

Nilifungafunga ncha ya kitenge changu.

"Uliiona."

"Niliiona, Baba Severina."

Akageuza uso mbele. Picha ikaendelea, na nisiseme uongo, ilikuwa picha kali. Vyombo vilikuwa vikubwa mara kumi, maadui wa vichwa vya vyungu safari hii wanatema moto, na steringi mpya, mdogo wake marehemu, anaruka kama chui. Didas alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mara mbili nilimwona Liberatus mkono unainuka wenyewe kufuata ngumi, kisha anaushusha gotini. Ilikuwa nzuri, na hakuruhusu impendeze. Huyo mpya alikuwa hodari lakini hakucheka hata mara moja, na yule wa zamani alikuwa akicheka hata akipigwa.

Kwenye lori la kurudi Didas aliongea peke yake. Tulipofika Ilula, jua limeshazama, Didas akaenda kwake, na Liberatus akasimama mlangoni bila kuingia.

"Wiki iliyopita ulikwenda kumwona mama yangu Kilolo. Ukarudi ukasema anaendelea vizuri."

"Ndiyo."

"Mama yangu yuko hai?"

Kyala wangu, Mungu wangu! Nilidhani atanigombeza, atanipigia kelele kama wanaume wengine, ningemrudishia na zangu, maana mdomo ninao. Sikulitegemea swali hilo. "Yuko hai, haki ya Mungu. Alinipa maharage, si ndiyo yale pale kwenye debe?"

Akatazama debe, maana hata debe sasa hakuliamini. Alfajiri nilipoamka, baiskeli yake haikuwapo.

Jumapili ile nilikwenda misani na mtoto, sikusikia hata injili. Kama angekuta mama yake kaumwa ghafla usiku ule, au kaanguka, nani angeniamini tena katika nyumba ile? Nilisali kwa ajili ya yule bibi kuliko nilivyowahi kusalia mtu yeyote. Adhuhuri ikapita. Saa nane ikapita. Saa tisa watu wakaanza kukusanyika kwenye benchi la matenga, maana Didas alishatangazia kijiji kizima kwamba steringi ni marehemu na Mama Severina alikuwapo.

"Baba yuko wapi?" akauliza bibi Evarista, muuza nyanya, mwenye kuhudhuria kila simulizi tangu ile ya kwanza.

"Kaenda kumsalimia mama yake."

"Basi tuambie wewe. Alikufaje?"

Sikutaka. Lakini walikuwa wamekaa, na wengine walikuwa wamevaa nguo za kanisani, wanangoja kwa utulivu wa msibani. Nikakaa kwenye kigoda cha mume wangu. Mikono nikaishikiza kwenye tenga lililoanzwa.

Nikawaambia. Kwamba wenzake walifungua mlango wa chombo, wakamtupia kamba nyingine. Kwamba aliishika, akajivuta, akafika mlangoni kabisa. Kisha akageuka akawaona maadui wanakuja, akaona kwamba wakimngoja aingie, wote wanaisha. Rafiki yake kamnyooshea mkono. Yeye akausukuma ule mkono ndani. Akaufunga mlango kwa nje. Akaugonga mara mbili kwa kiganja, vile utingo anavyogonga bodi la lori: twende.

"Na wakaenda?" Evarista akauliza.

"Wakaenda. Wakamwacha. Akawa mdogo, mdogo, kama punje ya ulezi."

Hapo nikashindwa. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi, na sijui nilikuwa namlilia nani. Nilipofuta macho niliona watu wamegeuka. Liberatus alikuwa nyuma yao, ameshika baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

Evarista aliinuka wa kwanza. Akamwendea, akampa mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, baba."

Mngecheka, lakini hakuna aliyecheka. Didas naye akampa pole, na wengine wakafuata mmoja mmoja kama wanavyopanga mstari kumwona mfiwa. Na Liberatus aliwajibu kila mmoja, kichwa chini, "Nimeshapoa. Asante. Nimeshapoa."

Wakatawanyika. Tukabaki wawili na matenga.

"Mama yupo," akasema. "Anakusalimia. Amenitukana sana."

"Pole, Baba Severina," nikasema.

Akaegemeza baiskeli ukutani.

"Bado sijapoa," akasema. "Miaka yote hii ningekuwa nimeshamlilia nikamaliza. Umeniacha nampikia maiti chakula."

"Nilitaka ule kwanza."

"Nini?"

"Juzi. Jogoo. Nilitaka ule kwanza ndiyo nikuambie."

Akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha chungu. Akatoka na bakuli la kuku wa tangu Ijumaa niliyekuwa nikimpasha kila siku, na kipande cha ugali kilichopoa. Akakaa chini kwenye mianzi, mimi nikiwa bado kwenye kigoda chake, nikataka kumpisha, akanizuia kwa mkono. Akala lile paja lote. Akalamba vidole. Akanawa.

Halafu akaligonga tenga kwa kiganja, mara mbili, nami nikaanza kusimulia upya, pale kamba ilipokatika.