Choa cha Kinyozi Wembe

Mtaa mzima ulimwita Wembe, wala si kwa sababu ya kazi yake ya kunyoa. Jamaa alikuwa na hasira za karibu. Ukimtania, ngumi. Ukibisha, kichwa. Kuna wanaume wawili pale mtaani hawana meno ya mbele, na wote aliwang'oa yeye.

Lakini kwa usafi, loh, humuwezi! Mashine aliipangusa kwa spiriti kila kichwa kilipotoka, taulo alichemsha mwenyewe, shuka jeupe la kuwafunika wateja alilifua kila jioni. Hakuwa na shule wala mali ya kujivunia. Alikuwa na jina la kinyozi msafi, na hilo aliweza kulifia.

Na alikuwa na paka. Mikono ile iliyovunja taya za watu ilimshika paka kama yai. Usiku alimlaza tumboni, mpaka mkewe akamwita paka mke mwenzangu. "Hebu muulize mke mwenzangu kama kuna nafasi na mimi nilale," alikuwa akisema, na Wembe akicheka. Mchana mke mwenza alishinda dukani, kwenye kiti cha dirishani, juu ya shuka lile lile jeupe lililokunjwa. Nani angethubutu kumfukuza?

Siku moja adhuhuri, duka limejaa, akaingia muuza nyama wa jirani na binti zake mapacha. Akawavua vitambaa vya kichwani. Vichwa vyote viwili vilikuwa na mabaka ya duara, magamba matupu, nywele zimekatika.

"Tazama kazi yako, kinyozi. Haya mapunye wameyatoa hapa."

"Hapa? Chunga mdomo wako, bwana."

"Nichunge nini? Mashine yako chafu!"

Chafu! Afadhali angemtukania mama. Wembe alinyakua kigoda akamshushia. Yule baba akakinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukalia kwa wote kusikia. Akamsukuma Wembe kwa bega, kioo kikapasuka, kipande kikamchana ubavu. Wembe hata hakuhisi. Alimwangusha chini, akaukanyaga mkono ule ule uliovunjika, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mapacha wakipiga mayowe, "Muache baba! Muache baba!" Ilibidi wateja wanne wamvute, mmoja wao akiwa amenyolewa kichwa nusu.

Wembe na muuza nyama wakapelekwa zahanati, mapacha wakiwafuata, vitanda vikatenganishwa na hatua mbili tu. Daktari, mama mtu mzima asiye na subira, akalikata shati la Wembe ili amshone. Akasita. Tumbo lilikuwa na miviringo myekundu, imepauka katikati.

"Hii nini?"

"Joto tu, mama."

"Joto! Baba wee, hiki ni choa, kikipanda kichwani ndiyo mapunye. Una paka?"

"Ninaye."

"Analala wapi?"

Wembe alitazama tumbo lake. Lilimjia lile shuka jeupe, na jinsi alivyokuwa akiwafunga nalo mapacha shingoni walipokuja kunyolewa.

"Paka anaweza kuwa nacho na usimwone anaumwa," daktari akaendelea, sindano mkononi. "Manyoya yake tu yanatosha. Spiriti kwenye mashine itafanya nini, kama manyoya yamejaa kwenye vitambaa? Dawa ipo, yako, ya paka na ya hao watoto. Mkono wa huyu mwenzako ndio sina dawa yake. Panga la nyama asahau."

Muuza nyama alisikia yote.

Wembe aliteremka kitandani, uzi ukining'inia ubavuni, akapiga magoti. Tangu azaliwe hakuwahi kumwomba mtu radhi.

"Kaka, kosa ni langu. Nipige. Mkono mmoja bado unao. Nipige!"

"Inuka," alisema yule baba. "Wanangu wameona ya kutosha leo."

Wembe aliinua mkono afute machozi. Mapacha wakaruka nyuma ya kitanda cha baba yao, wakajikinga vichwa.