Aliyelifunga Tenga la Kukaushia Nguo

Anayetaka kuniita mwongo aniite. Mimi nilikuwepo, tena mchana, na sikuwa nimeonja pombe.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini tulitolewa Bukima kwa lori, mbiombio kama wezi. Mwenyekiti Mafuru ndiye aliyetuharakisha. Wambura, mgambo wake, akalikanyaga tenga langu la kukaushia nguo, lile la fito unalolifudikiza juu ya makaa ukatandaza nguo. Nawataja wote wawili. Wangali hai, wakisikia, wasikie.

Huko kijijini mvua haikukatika. Mwanangu mchanga anakohoa, nepi zote mbichi. Daktari wa zahanati aliniambia, "Akilala tena kwenye unyevu, humpati." Nikakaa kibandani nalifunga tenga. Nafunga, fito zinafyatuka. Nafunga, zinafyatuka. Nikalia.

Akaingia bibi mmoja nisiyemjua. Hodi hakupiga. Nje mvua inamwagika, kanga yake kavu! Utauliza, hukukimbia? Ningekimbiaje, alishanichekesha.

"Mkamwana, nani alikufundisha kufunga? Kuku?"

"Shikamoo mama. Fito zimenikataa."

"Fito hazina kosa. Lete hapa. Wewe mpakate mtoto wangu."

Alifunga kwa mkono wa kushoto, upesi, huku akinitania kwamba nimekonda kama mwiko. Halafu kicheko kikamwisha.

"Mbona mliondoka bila kuniaga? Natembea naulizaga nyumba kwa nyumba."

Nikainama kupuliza makaa. Kuinuka, hayupo. Na pale mlangoni, niamini, tope halikuwa na unyayo.

Jioni mume wangu akarudi, akayaona yale mafundo, akakaa chini puu. "Huu ni mkono wa mama."

Mama yake alikufa kabla sijaolewa, kaburi likabaki Bukima. Kwetu huhami mpaka umwage uji kaburini, uwaambie wenyewe unakokwenda. Mafuru alitunyima hata hilo.

Mtoto alilala pakavu, akapona. Leo ana watoto wake. Mume wangu alirudi Bukima na kibuyu cha uji, akamwelekeza mama yake tunakokaa. Tangu hapo mkwe wangu hajaja tena. Siku nyingine navunja ufito makusudi, nakaa mlangoni namngoja. Haji. Ameshatulia.

Wewe unayehama, hata wakikusukuma, kawaage wafu wako kwanza. Usimtembeze mama wa mtu kwenye mvua.